Jicho kiongozi: kwa nini jicho na mkono havifuatani

Julai 2024, Olimpiki ya Paris ikiwa imepamba moto, picha mbili za walenga shabaha zilizunguka dunia na kufika hadi kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Moja ilikuwa ya Yusuf Dikeç wa Uturuki, mwanamume wa miaka 51, fulana mwilini, miwani ya kawaida usoni, mkono mmoja mfukoni, macho yote mawili wazi. Alitoka na medali ya fedha ya bastola ya upepo ya mita 10, mashindano ya wawili wawili, akiwa na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Nyingine ilikuwa ya Kim Yeji wa Korea Kusini, naye mshindi wa medali ya fedha kwa wanawake, mita 10 hizohizo. Yeye alivaa miwani isiyofanana na miwani: lenzi moja ya duara mbele ya jicho analolengea, na kibao kidogo kilichoziba jicho la pili.

Utani ulipopoa likabaki swali zuri. Kama kuziba jicho moja kunasaidia kulenga, mbona huyu baba hakuziba? Na kama hakusaidii, mbona huyu dada kaziba? Majibu ya mitandaoni yalizidi kulivuruga. Zikaja video fupi za kujipima kwa sekunde kumi ni jicho lipi linaloongoza lingine, na pamoja nazo madai: anayeongozwa na jicho la kushoto ni msanii wa kuzaliwa, ambaye jicho lake halilingani na mkono wake ana ubongo uliochanganyikiwa, mtoto wa namna hiyo azibwe jicho moja ili asome vizuri. Hilo la mwisho si la kuchekea, na nitalifikia.

Tuanze na maana. Jicho kiongozi ni lile ambalo ubongo hulitegemea unapotaka kupanga vitu viwili kwenye mstari mmoja: ncha ya kidole na mlingoti, ncha ya mshale na shabaha, ukingo wa ubao na ukuta. Watu wengi wana jicho la namna hiyo bila kujua, kwa sababu katika shughuli nyingi za siku macho hufanya kazi pamoja na hakuna anayeuliza nani kaongoza. Laweza kuwa jicho linaloona hafifu zaidi kati ya mawili. Laweza pia kuwa upande wa pili kabisa wa mkono unaoandikia.

Kwa nini pawepo kiongozi hata kidogo? Kwa sababu macho yameachana. Kwa mtu mzima, kutoka mboni hadi mboni ni sentimita sita na kidogo. Kila jicho linauletea ubongo picha yake, iliyochukuliwa kutoka mahali pake. Nyoosha mkono mbele, simamisha kidole kimoja, kisha tazama kitu cha mbali, tuseme mnazi ulio ng'ambo ya barabara. Usikikazie macho kidole, ukazie mnazi. Utaona vidole viwili, vyepesi kama vivuli. Sasa geuza, kikazie kidole: minazi inakuwa miwili. Hali hii ipo mchana kutwa. Ubongo umezoea kuipuuza, ndiyo maana hatujikwai kwa kuona kila kitu mara mbili.

Kupuuza huko kunaishia pale unapotaka kuelekeza. Vidole viwili, mnazi mmoja: ni kidole kipi kiwekwe juu ya mnazi? Vyote haviwezekani. Ubongo unachagua kimoja bila kukuuliza, na kile unachokichagua ni picha inayotoka kwenye jicho kiongozi.

Jambo hili halikugunduliwa na TikTok. Mtaliano Giambattista della Porta aliliandika mwaka 1593, na jaribio lenye jina lake linafanyika hadi leo bila kifaa chochote. Macho yote mawili yakiwa wazi, nyoosha mkono na uweke kidole juu ya kitu kilicho hatua nane au kumi mbele yako: kitasa cha mlango, taa, msumari ukutani. Usifikirie sana. Sasa fumba jicho la kushoto. Kidole kimebaki palepale? Basi lililolenga ni jicho la kulia. Kimeruka pembeni? Lililolenga ni la kushoto. Na kuruka huko si kwa nywele moja. Kidole kikiwa sentimita 60 kutoka usoni na kitasa kikiwa mita sita, kidole kitaonekana kuhama zaidi ya nusu mita.

Njia ya pili hubeba jina la mwanasaikolojia wa Marekani Walter Miles. Pishanisha viganja viwili mbele yako, mikono imenyooka, ubakize kitundu kidogo katikati. Tazama kitasa kupitia kitundu hicho, kisha rudisha viganja taratibu hadi usoni bila kukipoteza. Kitundu kitatua kwenye jicho moja. Mimi naiamini zaidi hii ya pili, kwa sababu mikono yote miwili inashiriki na hakuna mkono unaovuta upande wake. Rudia mara kadhaa, kwa umbali tofauti. Kuna watu ambao jibu hubadilikabadilika, na hao nao ni wazima: uongozi wa jicho lao ni hafifu tu.

Kukonyeza si kipimo. Anayeweza kufumba jicho la kushoto peke yake lakini la kulia linamshinda ameonyesha kitu kuhusu misuli ya kope zake, basi. Wengi hulenga kwa jicho linalobaki wazi baada ya kufumba lile rahisi, wakaamini wamegundua kiongozi, kumbe wamegundua kope.

Neno "kiongozi" lenyewe huwapa watu picha ya nguvu, kwamba jicho moja ni bora na jingine ni msindikizaji. Fikiria badala yake lori la masafa marefu, dereva na utingo wake. Wote wawili wanaiona barabara. Huenda utingo ndiye mwenye macho makali, ndiye anayeuona mzani mapema. Lakini usukani uko kwa mmoja, kwa sababu mikono minne haiwezi kukata kona moja. Na lori likihitaji kurudi nyuma kwenye uchochoro, utingo anashuka, anasimama nyuma, anapaza sauti "njoo, njoo, kata kushoto", na dereva anamtii. Uongozi umehama kwa sababu kazi imebadilika.

Macho nayo hufanya hivyo. Mwaka 2001 watafiti Aarlenne Khan na Doug Crawford wa Chuo Kikuu cha York, Toronto, walionyesha kwamba jicho kiongozi hubadilika kufuatana na upande unaotazama. Kitu kikiwa mbali kulia kwako, jicho la kulia huelekea kushika uongozi. Kikihamia mbali kushoto, la kushoto linachukua, kwa mtu yuleyule. Ukijua kwamba pua inakaa katikati na kuzuia sehemu ya kila upande, jambo hili halishangazi sana. Kwa hiyo unapopimwa na kuambiwa "wewe ni wa jicho la kulia", jibu hilo ni la vitu vilivyo mbele yako moja kwa moja. Mlinda mlango anayefuata krosi kutoka wingi ya kushoto yuko kwenye hesabu nyingine.

Madaktari wa macho hutenganisha zaidi. Kuna jicho la kulengea, ambalo ndilo tumelizungumza mpaka sasa. Kuna jicho lenye uzito zaidi, ambalo picha yake hushinda pale macho mawili yanapoonyeshwa vitu viwili tofauti kwa wakati mmoja. Na kuna jicho linalosoma herufi ndogo zaidi kwenye bango la kliniki. Mtu mmoja anaweza kuwa na majibu matatu yasiyofanana. Ugomvi mwingi unaosikia kuhusu mada hii ni wa watu wanaozungumzia macho tofauti bila kujua.

Sasa mkono.

Duniani, takriban mtu mmoja kati ya kumi ana mashoto. Kwa jicho hali ni tofauti kabisa: karibu theluthi mbili huongozwa na la kulia, theluthi iliyobaki na la kushoto, ukiacha wachache wasioegemea popote. Idadi hizi mbili peke yake zinatosha kuonyesha kwamba mkono na jicho haviwezi kuwa kitu kimoja. Mwaka 1996 Bourassa, McManus na Bryden walikusanya pamoja tafiti nyingi zilizopima makumi ya maelfu ya watu. Walikuta kwamba kati ya wanaotumia mkono wa kulia, karibu asilimia 35 huongozwa na jicho la kushoto. Kati ya wenye mashoto, ni karibu asilimia 57.

Ziweke asilimia hizo kwenye watu mia moja uone zinasema nini. Tisini wanatumia mkono wa kulia. Kati yao kama 31 wana jicho la kushoto. Kumi wana mashoto. Sita hivi wana jicho la kushoto, wanne la kulia. Jumla ya wale ambao mkono na jicho vinapishana ni kama 35. Katika darasa la wanafunzi 60, huo ni ukubwa wa watoto ishirini na kitu. Hali iliyomo kwa watoto ishirini wa darasa moja haiwezi kuitwa kasoro. Na angalia jambo jingine: kati ya watu 37 wenye jicho la kushoto, 31 wanaandika kwa mkono wa kulia. Kwa hiyo ukikutana na mtu wa jicho la kushoto, usimtafute kwenye kundi la wenye mashoto. Uwezekano mkubwa ni kwamba anaandika kwa kulia kama wewe.

Uhusiano upo, lakini ni mlegevu: mwenye mashoto anaelekea zaidi kidogo kuwa na jicho la kushoto, na hapo ndipo unapoishia. Sababu ya ulegevu huo iko kwenye jinsi mishipa ya fahamu ilivyopangwa. Amri za kuusogeza mkono wa kulia hutoka hasa nusu ya kushoto ya ubongo, na za mkono wa kushoto nusu ya kulia. Mishipa hiyo inakata na kupishana njiani. Watu wakisikia hivyo hudhani macho nayo yako vilevile, kwamba jicho la kulia ni mali ya ubongo wa kushoto. Sivyo. Nyuma ya macho kuna njia panda ambapo neva za macho mawili hukutana, na kutoka kila jicho ni nusu tu ya nyuzi, ikizidi kidogo, inayovuka kwenda upande wa pili. Iliyobaki inaendelea upande wake. Matokeo yake, kila jicho linaripoti kwenye nusu zote mbili za ubongo. Kinachogawanywa ni mandhari: vitu vyote vilivyo kulia kwako, vimeonwa na jicho hili au lile, vinafika nusu ya kushoto. Mkono una bosi mmoja mkuu, jicho lina wawili. Nani angetegemea vifuatane?

Hapo ndipo yanapoanguka pia yale madai ya "jicho la kushoto, ubongo wa kulia, kwa hiyo msanii".

Kuna sababu nyingine inayovuruga hesabu, na hii tunaijua vizuri sisi wa huku. Mkono wa mtoto husimamiwa. Mtoto akinyoosha wa kushoto kwenye sahani anaambiwa auondoe. Akipokea kitu kwa kushoto anarudishwa apokee vizuri. Zamani, na sehemu nyingine mpaka leo, akishika kalamu kwa kushoto huhamishiwa kulia. Wengi tunaowahesabu kuwa watu wa mkono wa kulia ni wenye mashoto waliofundishwa adabu ya mezani na mwandiko. Waangalie wakipiga nyundo au wakirusha jiwe, utaona mkono wa asili ukirudi. Jicho halijapitia malezi hayo. Hakuna bibi aliyewahi kumkemea mjukuu kwa kuchungulia tundu la mlango kwa jicho la kushoto, kwa sababu hakuna aliyeona kuna la kukemea. Ndiyo maana ukitaka kulinganisha jicho na mkono kwa haki, usimuulize mtu anaandika kwa mkono gani. Muulize anarusha kwa upi.

Katika maisha ya kila siku, jambo hili lina maana sehemu chache, na sehemu hizo zote zinafanana: kitu kimekaa karibu na uso, kingine kiko mbali, na unavipanga mstari mmoja.

Upinde ndio unaoonyesha wazi zaidi. Mpiga upinde anayevuta kamba kwa mkono wa kulia huileta hadi shavuni kulia, mshale ukalala chini ya jicho la kulia. Akiwa na jicho kiongozi la kushoto na macho yote yako wazi, ataiweka ncha ya mshale juu ya shabaha kwa jicho la kushoto, huku mkia wa mshale uko kulia. Mshale utaelekea kushoto. Kwa shabaha ya mita 18, ncha ikiwa sentimita 70 kutoka usoni, kosa hilo linafika kama mita moja na nusu. Mwalimu asiyejua habari hii atamwambia mwanafunzi ashike vizuri, apumue, atulie, na mwanafunzi atazidi kutulia na kuzidi kukosa. Manati ina tabia hiyohiyo kwa wanaovuta mpira hadi shavuni, ila watoto hujirekebisha wenyewe: wanakosa, wanahamisha mkono, wanapata ndege, na hawajui wamebadilisha nini.

Kwenye bunduki ndefu tatizo ni lilelile kwa sababu kitako kinakaa begani na shavu linakilalia. Jicho lililo nyuma ya mtutu ni la upande huo, utake usitake. Wapo wanaohamia bega la pili. Wapo wanaofumba jicho. Wanaolenga visahani vinavyorushwa hewani kwa bunduki ya marisau hawapendi kufumba, kwa kuwa wanahitaji kuona upana na kukadiria umbali wa kitu kinachokimbia, hivyo wengi hubandika kipande kidogo cha utepe hafifu kwenye kioo cha miwani, mbele ya jicho linaloleta fujo. Kipande hicho kinatosha kuliondoa kwenye kulenga bila kulinyima mwanga.

Bastola ni hadithi nyingine, na hapa ndipo tunapata jibu la zile picha mbili. Bastola inashikwa mbele, mkono umenyooka, haigusi shavu. Unaweza kuisogeza sentimita chache mbele ya jicho lolote, au ukageuza shingo kidogo. Mwenye uongozi imara wa jicho moja, na mazoezi ya miaka mingi ya kuipuuza picha ya pili, anaweza kubakiza macho yote wazi kama Dikeç, ambaye mwenyewe amesema hivyo ndivyo anavyolenga. Asiyetaka picha ya pili imsumbue anaiziba kama Kim Yeji. Kuziba kwa kibao ni bora kuliko kufumba kwa kukaza kope. Kukaza kope kunachosha uso mzima katika mashindano ya saa nzima, na mwanga ukipungua kwenye jicho moja mboni ya jicho la pili nayo hutanuka kidogo, shabaha ikapoteza ukali. Kanuni za kimataifa zinaruhusu kibao hicho, mradi upana wake usizidi milimita 30. Wote wawili walipata medali ya rangi ileile, na hilo linatosha kumnyamazisha anayesema kuna njia moja tu.

Kama ungali unadhani mkono na jicho lazima viende pamoja, yupo Károly Takács wa Hungaria. Mwaka 1938 guruneti mbovu liliuharibu mkono wake wa kulia, mkono aliokuwa akilengea. Akajifundisha kulenga kwa wa kushoto, akachukua dhahabu ya Olimpiki London 1948 na nyingine Helsinki 1952, kwa bastola. Mkono unafundishika hata ukubwani.

Kwenye meza ya puli, fimbo hupita chini ya kidevu, na wengi huambiwa ipite katikati kabisa. Si lazima. Joe Davis, Mwingereza aliyetawala ubingwa wa dunia wa snuka kuanzia 1927 hadi 1946 bila kushindwa, alikuwa na jicho la kulia bovu, na fimbo yake ilipita chini ya jicho la kushoto ingawa alicheza kwa mkono wa kulia. Mchezaji akipewa uhuru, fimbo hujitafutia jicho lake. Kocha anayeilazimisha katikati anaharibu kitu ambacho hakijaharibika.

Fundi seremala anayeinua ubao usawa wa uso kutazama kama umepinda anafanya kazi hiyohiyo kwa jicho moja, na huwa hakosei jicho. Anayetumia hadubini ya tundu moja shuleni, anayechungulia darubini, anayepiga picha kwa kamera yenye kitundu cha kutazamia: wote hujikuta wakitumia jicho lilelile kila mara. Kamera nyingi zimepangwa kwa jicho la kulia, kwa hiyo mpiga picha wa jicho la kushoto hubana pua yake kwenye kioo cha nyuma. Ni usumbufu, basi. Picha haimjui aliyechungulia.

Kwingineko kote, kiongozi hana kazi kubwa. Kutunga uzi kwenye sindano, kumimina chai kikombeni, kushuka ngazi gizani, kukamata mpira, kuvuka barabara: hapo unachohitaji ni tofauti kati ya picha mbili, kwa kuwa ubongo huitumia tofauti hiyo kupima umbali. Fumba jicho moja, lile kiongozi au lile jingine, kisha jaribu kuvalisha kalamu kifuniko chake mikono ikiwa imenyooshwa. Kalamu itapita pembeni.

Na kusoma? Hapa tufike kwenye lile la mtoto kuzibwa jicho. Wazo kwamba mchanganyiko wa mkono na jicho husababisha ugumu wa kusoma lilipata nguvu mwaka 1925, daktari wa Marekani Samuel Orton alipopendekeza kwamba watoto wanaogeuza herufi wana ubongo ambao upande wake mmoja haujashika uongozi. Orton hakuwa mjinga; alikuwa kati ya wa kwanza kusisitiza kwamba watoto hao wana akili nzuri, na hilo limesimama. Nadharia yake ya pande za ubongo haikusimama. Mwaka 2009 vyama vya madaktari wa watoto na wa macho vya Marekani vilitoa tamko la pamoja: ugumu wa kusoma hautokani na macho, na mazoezi ya macho au miwani maalumu si tiba yake. Kwa hiyo anayekuuzia kitambaa cha kuziba jicho la mwanao ili "jicho lifuate mkono" anakuuzia kitambaa. Mtoto anayeshindwa kusoma apimwe macho kama ana haja ya miwani, apimwe na masikio, kisha atafutiwe mwalimu anayejua kufundisha kusoma hatua kwa hatua. Na anayedai mchanganyiko huo ni bahati njema michezoni naye ana la kujibu: uchunguzi wa wachezaji wa kulipwa wa besiboli nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 1998, haukuona kwamba jicho kuwa upande huu au ule wa mkono kulibadilisha uwezo wao wa kupiga mpira.

Kuziba jicho la mtoto kuna mahali pake halali, na pasichanganywe na haya. Jicho vivu ni ugonjwa. Hutokea pale jicho moja linapoleta picha mbaya tangu utotoni, kwa sababu ya makengeza, tofauti kubwa ya nguvu za macho, au mtoto wa jicho aliyezaliwa naye, na ubongo ukajifunza kulipuuza. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwa paka wachanga kwamba jicho likizibwa katika majuma fulani ya mwanzo, sehemu yake kwenye ubongo hunyakuliwa na jicho la pili. Kwa mtoto wa binadamu dirisha hilo ni refu zaidi, lakini matibabu hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka saba hivi. Hapo daktari huagiza miwani, au kuliziba jicho lisilo na tatizo kwa saa kadhaa kila siku ili lile vivu lifanye kazi, au dawa ya matone. Ukiona mtoto anageuza kichwa kila anapotazama kitu, anafumba jicho moja kila mara, au jicho lake linakimbilia pembeni, mpeleke kwenye kliniki ya macho. KCMC Moshi, CCBRT Dar es Salaam na hospitali ya Kikuyu kule Kenya zina huduma hizo. Mtoto ambaye analenga tu kwa jicho la kushoto na anaandika kwa mkono wa kulia hana safari ya kwenda.

Kwa watu wazima, mahali ambapo daktari mwenyewe atakuuliza jicho kiongozi ni pale unapovuka miaka arobaini na maandishi ya karibu yanaanza kukimbia. Moja ya njia zinazotumika, kwa lenzi za kuvaa ndani ya jicho au kwa lenzi ya bandia wakati wa upasuaji wa mtoto wa jicho, ni kulipa jicho moja nguvu ya kuona mbali na la pili nguvu ya kuona karibu. Kwa kawaida jicho kiongozi ndilo hupewa umbali. Ili kulipata, daktari hataridhika na kitundu cha viganja. Ataweka lenzi inayotia ukungu mbele ya jicho moja, kisha mbele ya jingine, huku unatazama mbali na macho yote wazi, na kukuuliza ni ukungu upi unakukera zaidi. Jicho ambalo ukungu wake unakera ndilo la kuachiwa mbali. Mwambie pia kazi yako. Fundi cherehani na dereva wa basi la usiku hawahitaji mpango mmoja, kwa sababu mpango huu hupunguza uwezo wa kupima umbali, na taa za magari usiku zinaweza kuonekana na ukungu pembeni. Ndiyo maana madaktari wengi hupenda mtu ajaribu kwanza kwa lenzi za kuvaa kwa siku kadhaa, akiwa kazini kwake, kabla ya kukubali zile zisizotoka.